Joto Tulilolinunua Lisitutoroke: Kupunguza Gharama za Nishati katika Nyumba Zenye Mbwa, Paka na Kuku

Mazungumzo ya Afisa Mifugo wa Kata mbele ya wakazi. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kufikishwa mikutanoni kwa sababu linaonekana dogo. Ni gharama ya mkaa, kuni na umeme tunayoibeba kwa ajili ya wanyama tunaoishi nao: mbwa mlinzi, paka wa nyumbani, na vifaranga wanaolelewa pembeni mwa jiko. Jambo hili si dogo. Kila ninapopita mitaani nakutana na swali moja lenye sura nyingi: "Bwana Mifugo, mbwa huyu ananimalizia mkaa. Nimfungulie akajitafutie?" Au: "Bwana Mifugo, tangu nilete vifaranga Luku haikai. Niwawekee jiko la mkaa badala ya taa?"

Nitayajibu maswali yote mawili, na jibu langu kwa yote mawili ni hapana. Lakini mwenye mzigo hasaidiwi kwa kuambiwa hapana tu. Ni lazima aonyeshwe njia nyingine. Kwa hiyo naomba tuanze na msingi mmoja utakaotuongoza hadi mwisho.

Tunapolipia mkaa au umeme kwa ajili ya mnyama, karibu kila mara tunanunua joto: joto la kuivisha chakula chake, au joto la kumkinga na baridi. Joto hilo tukishalinunua, mara nyingi tunaliacha liondoke kupitia mdomo wa sufuria isiyo na kifuniko, mianya ya banda, na majivu yenye moto tunayoyamwaga usiku. Kesho yake tunalinunua tena. Basi, kabla ya kutafuta nishati ya bei nafuu, tuzuie kwanza ile tuliyoilipia isitutoroke. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sufuria ya mbwa

Katika nyumba nyingi mbwa hupikiwa ugali wa pumba au dona pamoja na dagaa, mifupa, au utumbo na mapafu kutoka machinjioni. Sufuria hiyo hubandikwa peke yake, jioni, baada ya chakula cha watu, na mara nyingi hupikwa bila kifuniko kwa kuwa ni "cha mbwa tu". Jiko halijui kama kinachopikwa ni cha mbwa au cha mgeni. Linakula mkaa uleule.

Hatua ya kwanza ni kufunika sufuria, kukata nyama vipande vidogo, na kupima maji. Maji yaliyozidi ni maji yaliyochemshwa bure.

Hatua ya pili ni kubadili mpangilio. Tenga sehemu ya mbwa kutoka chakula cha familia kabla ya kutia chumvi na viungo. Kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa na paka, hivyo kutenga mapema kunalinda afya ya mnyama na kunakuondolea upishi wa pili. Ugali wa familia ukisongwa kwa kiasi kilichoongezwa kidogo, kinachobaki ni kuandaa kitoweo cha mbwa tu.

Hatua ya tatu ni kapu la kuhifadhi joto. Chukua tenga au boksi imara, lijaze majani makavu, maranda au matambara, uache shimo katikati linalotosha sufuria, kisha uandae mto mnene wa kufunika juu. Chakula kichemshwe barabara jikoni, kisha sufuria ikiwa imefunikwa ihamishiwe ndani ya kapu. Kitaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe, na mkaa uliobaki utafanya kazi nyingine. Kapu hili linafaa kwa wali, maharage yaliyolowekwa, na mchuzi wa mifupa. Mfupa wenyewe, ukishapikwa, usimpe mbwa, hasa wa kuku, kwa maana hukatika vipande vyenye ncha na huweza kuchoma utumbo.

Hapa naomba masikio yenu yote. Wapo wanaobana mkaa kwa kumtupia mbwa maini au mapafu mabichi yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama, hasa yale yenye mafuko ya maji. Mafuko hayo hubeba viini vya tegu mdogo anayekua ndani ya utumbo wa mbwa. Mbwa hutoa mayai ya tegu huyo kwenye kinyesi, nayo mayai humfikia mtoto kupitia mikono, udongo na mboga. Ndani ya mwili wa mtu hutengeneza mafuko kama yale yale, kwenye ini au mapafu, na tiba yake huweza kuhitaji upasuaji. Nyama za ndani zichemke jikoni kwa dakika 30 kamili, zikihesabiwa tangu maji yaanze kutokota. Dakika hizo hazina njia ya mkato, wala kapu halichukui nafasi yake. Na viungo vyenye mafuko ya maji visiletwe nyumbani kabisa. Vizikwe au vichomwe hapo hapo machinjioni.

Kwa wenye umeme na uwezo wa kununua sufuria ya umeme ya presha, chombo hicho huivisha maharage au nyama ngumu kwa chini ya uniti moja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Sufuria ya mbwa nayo imo katika hesabu hiyo. Nyumba haijahama kutoka kwenye mkaa iwapo gesi ni ya watu na mkaa umebaki kuwa wa mbwa.

Vifaranga na taa

Sasa nije kwenye Luku. Naomba tufanye hesabu pamoja, na mwanafunzi mmoja aniangalie nisikosee.

Taa ya uzi ya wati 100 ikiwaka saa 24 inakula uniti 2.4. Vifaranga hulelewa kwa joto kwa takriban wiki nne, yaani siku 28. Mara 2.4, tunapata uniti 67.2. Tuchukue nyumba ambayo kabla ya vifaranga ilitumia uniti 30 kwa mwezi, na tuseme siku hizo zote zimeangukia ndani ya mwezi mmoja. Jumla ni uniti 97.2.

Kwa bei za umeme zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75, kabla ya kodi na tozo. Kila uniti inayozidi 75 ni shilingi 350. Nyumba yetu ilikuwa ikilipa shilingi 3,000. Sasa itatoa shilingi 7,500 kwa uniti 75 za kwanza, na shilingi 7,770 kwa zile 22.2 zilizozidi. Jumla ni shilingi 15,270. Taa moja imepandisha gharama zaidi ya mara tano. Tena matumizi yakizidi uniti 75 mara kwa mara, mteja huweza kuhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ile ya kwanza.

Hebu tubadili jambo moja tu. Wiki ya kwanza taa iwake usiku na mchana, kwa kuwa kifaranga wa siku moja hawezi kujitunzia joto. Hizo ni uniti 16.8. Wiki tatu zinazofuata iwake saa 12 za usiku, na mchana tuwategemee jua na banda lililozibwa vizuri. Hizo ni uniti 25.2. Jumla ya vifaranga ni uniti 42, na ya nyumba nzima ni uniti 72. Hatujavuka 75, na gharama ni shilingi 7,200. Tumeokoa shilingi 8,070 kwa kuzima taa mchana.

Nani atatuambia kama joto linatosha? Vifaranga wenyewe. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto kati ya 32 na 35, kisha tunapunguza takriban nyuzi 3 kila wiki. Asiye na kipimajoto awatazame. Wakirundikana chini ya taa huku wakilia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni, wakiachama midomo na kutanua mabawa, joto limezidi na fedha yako inateketea. Wakitawanyika sawasawa, wakila na kulala kwa utulivu, joto linatosha. Siku ya mvua au ya upepo mkali, ishara hizi zitangulie hesabu yangu: wakirundikana mchana, washa.

Ili taa ifanye kazi ndogo, banda lifanye kazi kubwa. Zungushia vifaranga ukuta wa maboksi wa mviringo, usio na pembe za kurundikana. Weka chini maranda makavu au pumba za mpunga, unene wa kiganja. Funika sehemu ya juu kwa gunia, ukiacha upenyo wa hewa. Jioni, baada ya kupika, bandika sufuria ya maji juu ya makaa yanayofifia. Maji hayo yatiwe kwenye dumu, dumu lifungwe kwa matambara, liwekwe katikati ya vifaranga. Hilo ni joto ulilokwisha kulilipia kwa ajili ya chakula cha jioni, nawe umelitumia mara ya pili.

Mtu asije akadanganyika kununua taa ya LED kwa ajili ya kupasha vifaranga. LED ni nzuri kwa mwanga kwa sababu haipotezi umeme mwingi kwa joto, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kwa kazi hii.

Ipo pia njia isiyotumia uniti hata moja, nayo ni kuku mwenyewe. Kuku wa kienyeji anayeatamia huweza kupewa vifaranga kumi hadi kumi na watano wa siku moja. Wapachikwe chini yake usiku, taratibu, akiwa ametulia. Mwenye vifaranga hamsini hawezi kutegemea kuku mmoja, lakini mwenye vifaranga kumi hana sababu ya kuwasha taa.

Jiko la mkaa halilali na watu

Nimefika kwenye lile swali la pili. Umeme ukikatika au uniti zikiisha, wapo wanaowasha jiko la mkaa kwa ajili ya vifaranga, na kwa kuogopa wezi huwalaza vifaranga hao chumbani wanamolala watoto. Madirisha yamefungwa ili joto lisitoke.

Ndugu zangu, nilisema tulizuie joto lisitutoroke. Sikusema tuzuie hewa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimchomi mtu machoni kama moshi. Aliyelala huzidi kulala. Kichwa kinauma, mwili unalegea, na anayetaka kuamka hana tena nguvu ya kufungua mlango. Mkaa usiotoa moshi ndio unaowadanganya watu, kwa kuwa wanadhani hatari iko kwenye moshi.

Kwa hiyo vifaranga walale kwenye chumba au banda lao, lenye upenyo wa hewa juu, na watu walale kwao. Umeme ukikatika usiku, tumia madumu ya maji ya moto na gunia. Kibatari nacho kisiwekwe juu ya maranda, kwa sababu teke la kifaranga mmoja linatosha kuwasha nyumba. Na taa ya umeme ining'inizwe kwa waya imara, si kwa kamba inayoweza kuungua.

Mbwa, giza na banda lake

Nyumba nyingi zenye mbwa huwasha taa za nje usiku kucha. Taa ya uzi ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku hula uniti 21.6 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, hula uniti 3.24. Zaidi ya uniti 18 zinapotea kwa kung'ang'ania taa ya zamani.

Mbwa wenyewe haihitaji taa hiyo. Nyuma ya jicho lake upo utando unaorudisha mwanga, ndio unaoyafanya macho yake yang'ae akimulikwa na tochi, na kwa utando huo huona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko sisi. Juu ya hapo ana pua na masikio. Taa moja ya LED langoni inatosha kwa ajili ya macho ya watu. Sehemu nyingine za uwanja mwachie yeye.

Anachohitaji ni mahali pakavu pa kulala. Mbwa mzima ana joto la mwili la takriban nyuzi 38.5. Yeye mwenyewe ni jiko, na akilala kwenye saruji yenye unyevu, joto lake huliwa na sakafu, naye hulifidia kwa kula zaidi. Banda lake liinuliwe juu ya ardhi kwa mbao au matofali, mlango usielekee upande wa upepo, liwe dogo kiasi cha kujigeuza na kujinyoosha, na litandikwe majani makavu yanayobadilishwa. Katika baridi ya Juni na Julai, matandiko hayo ni akiba ya chakula.

Paka na friji

Paka hawezi kuishi kwa ugali. Mwili wake unahitaji nyama au samaki. Lakini si lazima samaki huyo akae kwenye friji. Dagaa waliokaushwa vizuri na kufungiwa kwenye chombo kikavu hukaa bila umeme, na wakilowekwa katika maji ya uvuguvugu wanafaa kuliwa. Wachague wasio na chumvi.

Kwa mwenye friji, atazame nyuma yake. Paka hupenda kulala pale kwa sababu ya uvuguvugu, na manyoya yake hushika kwenye mabomba ya kupozea pamoja na vumbi. Friji iliyozibwa hivyo hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi ili kufikia ubaridi uleule. Ichomoe kwenye umeme, isafishe nyuma kwa brashi laini kila baada ya miezi michache, na iache ipumue kati yake na ukuta. Chakula cha mnyama kisiingizwe kikiwa cha moto.

Akiba isiyo akiba

Namalizia kwa swali la kwanza: je, mbwa afunguliwe akajitafutie?

Mbwa anayezurura hula jalalani, hugombana na mbwa asiowajua, na ndipo kichaa cha mbwa kinapomfikia. Ugonjwa huo, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Nauli na dozi za chanjo baada ya kuumwa zinameza akiba yote ya mkaa uliobanwa kwa kumfungulia mbwa mmoja.

Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Kwa hiyo asiyeweza kulisha mbwa watatu afuge mmoja, amlishe, na amchanje kila mwaka. Anayetaka kuzuia wasizaliane aje tushauriane kuhusu kuhasi. Mbwa mmoja aliyeshiba analinda nyumba kuliko watatu wenye njaa, na sufuria yake ni ndogo.

Ombi langu ni moja. Kwa wiki moja kuanzia leo, kila nyumba yenye mnyama iandike mambo mawili: makopo ya mkaa yaliyotumika kwa ajili ya mnyama, na uniti za Luku zilizosomwa asubuhi na jioni. Wiki ya pili mfunike sufuria, mtengeneze kapu, mzime taa ya vifaranga mchana wanapokuwa wametulia, kisha mwandike tena. Leteni hesabu hizo katika ofisi ya mifugo ya kata. Tutakaa, tutazilinganisha, na wale watakaofanikiwa watatufundisha sisi wengine jinsi walivyofanya.

Wanyama hawa hawakutuomba tuwafuge. Tuliwaleta wenyewe, kwa ulinzi, kwa kufukuza panya, kwa mayai na nyama. Akiba ya nyumba itafutwe kwenye vifuniko, kwenye mianya ya banda na kwenye taa zinazowaka bila kazi. Isitafutwe kwenye tumbo la mnyama, wala kwenye hewa wanayovuta watoto wetu usiku.